Mtoto Aliyetimiza Miezi Yake Akazaliwa Mdogo: Mwongozo wa Afya na Ukuaji Wake

Mtoto mchanga huhesabiwa kuwa mdogo kulingana na umri wa mimba pale ambapo, katika kila watoto 100 wa jinsi yake waliozaliwa katika wiki ileile ya ujauzito, yeye ni miongoni mwa wale 10 wepesi zaidi. Maana hiyo haifanani na ile ya uzito pungufu, ambao kwa Shirika la Afya Duniani ni uzito wowote wa kuzaliwa ulio chini ya gramu 2,500 bila kujali wiki za mimba, wala haifanani na ile ya mtoto njiti, ambaye amezaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Hali hizo tatu zinaweza kumkuta mtoto mmoja kwa pamoja, lakini pia zinaweza kuachana: mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 33 akiwa na gramu 2,000 ni njiti ambaye uzito wake unalingana na wiki zake, ilhali aliyezaliwa katika wiki ya 40 akiwa na gramu 2,400 ametimiza siku zake zote na bado ni mdogo.

Katika wodi nyingi na katika nyumba nyingi zaidi, watoto wote wadogo huitwa njiti, na kuchanganya huko kuna madhara. Njiti huhitaji msaada kwa sababu mapafu, utumbo na ubongo wake havijakomaa, na kwa kuwa upungufu huo huonekana waziwazi, huduma humfuata. Mtoto aliyekomaa lakini mdogo ana viungo vilivyo tayari, analia kwa nguvu na kufumbua macho, kwa hiyo huruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake kana kwamba hana jambo lolote, wakati ukweli ni kwamba ametoka katika tumbo ambamo chakula na oksijeni vilikuwa haba kwake, na akiba yake ya mafuta na sukari ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet, takribani mtoto 1 kati ya 4 waliozaliwa duniani mwaka 2020 alikuwa njiti au mdogo kwa umri wa mimba, na zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa wametimiza wiki 37. Mwongozo huu unamhusu zaidi huyo anayesahaulika.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulidai ni hesabu ya wiki, kwa sababu uzito usiokuwa na wiki hauwezi kufasiriwa. Tarehe ya hedhi ya mwisho husaidia ikiwa mama anaikumbuka vyema na mzunguko wake hauyumbi, lakini kipimo cha kuaminika zaidi ni altrasaundi ya mapema, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito afanyiwe angalau moja kabla ya wiki ya 24. Mkunga naye hupima kwa utepe urefu wa tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, na baada ya wiki ya 24 sentimita zake hukaribiana na idadi ya wiki. Pengo linaloongezeka kutoka hudhurio moja hadi jingine ni dalili kwamba ukuaji unasuasua. Siku ya kujifungua, mzazi aombe wiki za mimba ziandikwe kwenye kadi ya kliniki kando ya uzito, urefu na mzingo wa kichwa.

Vipimo hivyo hulinganishwa na michoro ya ukuaji, na mmojawapo wa michoro inayotumika sana ni ule wa mradi wa INTERGROWTH-21st, ambao matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2014 baada ya kufuatilia wajawazito wenye afya na lishe nzuri katika miji minane, ikiwemo Nairobi na Muscat. Utafiti huo ulionyesha kwamba, mama akiwa na afya njema, watoto wa mabara yote hukua tumboni kwa namna inayokaribiana mno, na kwa sababu hiyo kauli kwamba watu wa mahali fulani huzaa watoto wadogo kwa asili haitoshi kuwa maelezo. Hata hivyo wapo watoto wachache ambao ni wadogo kwa kurithi umbo la wazazi wao na hawana tatizo lolote. Anayepaswa kuangaliwa kwa makini zaidi ni yule aliyezuiwa kukua: mapaja na makalio yake yana ngozi iliyolegea, mbavu zinaonekana, na kichwa chake kinaonekana kikubwa kuliko mwili, kwa sababu kijusi kinapokosa chakula cha kutosha hupeleka sehemu kubwa ya damu yake kwenye ubongo na moyo. Ikiwa kichwa nacho ni kidogo sambamba na mwili, tatizo huenda lilianza mapema katika ujauzito, kwa mfano kutokana na maambukizi kama rubela au hitilafu ya kinasaba, na mtoto wa namna hiyo huhitaji uchunguzi wa daktari wa watoto.

Chanzo cha kawaida ni kondo la nyuma kushindwa kufanya kazi yake, na katika ukanda wa Afrika Mashariki sababu mbili hutangulia. Ya kwanza ni malaria, ambayo vimelea vyake hujificha ndani ya kondo hata kama mama hana homa, ndiyo maana wajawazito katika maeneo yenye malaria hupewa vidonge vya SP kuanzia miezi mitatu ya pili, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa wale wanaoishi na VVU ambao tayari wanatumia kotrimoksazole. Ya pili ni shinikizo la damu la ujauzito, ambalo likikolea huleta kifafa cha mimba. Upungufu wa damu, lishe duni, kaswende, tumbaku, pombe, mimba za utotoni na mimba za mapacha huongeza hatari. Inafaa isemwe wazi kwamba mama hana namna ya kuliona wala kulihisi kondo linaloshindwa, na lawama anazotupiwa na jamaa kwamba alifanya kazi nyingi au alichagua chakula humwongezea uchungu bila kumsaidia mtoto kwa lolote.

Saa za mwanzo baada ya kuzaliwa zina hatari mbili zinazoshikana, nazo ni baridi na kushuka kwa sukari. Mtoto huyu ana mafuta machache chini ya ngozi, kwa hiyo hupoteza joto haraka, na ili kujipasha joto hutumia sukari, ambayo akiba yake katika ini ni ndogo. Akipoa sukari hushuka, na sukari ikishuka hukosa nguvu ya kunyonya. Mnyororo huo hukatwa kwa kumkausha mara moja, kumlaza juu ya kifua cha mama ngozi kwa ngozi, kumvika kofia na soksi, kumfunika pamoja na mama yake, kuahirisha kumwogesha kwa angalau saa 24, na kumwekea titi ndani ya saa ya kwanza. Joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na pale ambapo kipimajoto hakipo, nyayo zilizo baridi wakati tumbo lina joto ni onyo kwamba mtoto ameanza kupoa. Mzazi aulize iwapo sukari ya mtoto imepimwa kwa tone la damu kutoka kisiginoni, na asikubali kuruhusiwa kabla ya mtoto kuonekana ananyonya vyema na joto lake kutulia, kwa kuwa kutetemeka, kulegea au kukataa kunyonya kunakosababishwa na kushuka kwa sukari kunaweza kuudhuru ubongo kama hakukutibiwa. Watoto hawa pia huwa na damu nzito kuliko kawaida, kwa sababu mwili uliokosa oksijeni tumboni huzalisha chembe nyekundu nyingi, na chembe hizo zinapovunjika huongeza uwezekano wa manjano katika juma la kwanza.

Malezi ya kangaruu, ambayo wengi huyajua kama tiba ya njiti peke yao, humfaa pia mtoto huyu. Yalianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá na daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali yake ikiwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto, lakini tangu hapo yamethibitika kuwa si mbadala wa kimasikini bali ni tiba yenye nguvu yake: utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo vya siku 28 za mwanzo kwa robo, wakilinganishwa na wale walioanza baadaye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto wote njiti au wenye uzito pungufu wabebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto huvuliwa nguo isipokuwa nepi, kofia na soksi, akawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kikigeuzwa upande na kidevu kikiinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibwe, miguu ikikunjwa na kutanuliwa kama ya chura, kisha akafungwa kwa kanga au kitenge kilichokaza kiasi cha mama kuweza kusimama na kutembea bila kumshikilia. Baba, bibi au shangazi anaweza kumpokea mama anapopumzika, na ni jambo la kutia moyo kwamba kifua cha baba kinampa mtoto joto vizuri vilevile.

Chakula cha mtoto huyu ni maziwa ya mama tangu tone la kwanza, ikiwemo dang'a, yaani yale maziwa ya njano ya siku za mwanzo ambayo baadhi ya familia huyamwaga kwa kuyaona machafu, ilhali yamejaa kinga. Anyonyeshwe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, na asiachwe alale zaidi ya saa tatu bila kunyonya, hata akionekana mtulivu, maana kwa mtoto mdogo utulivu wa kupita kiasi unaweza kuwa ni udhaifu. Akichoka titini kabla ya kushiba, mama akamue kwa mkono na kumpa maziwa hayo kwa kikombe kidogo, akigusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na kumwacha mtoto alambe mwenyewe bila kummiminia. Kikombe husafishika kirahisi kuliko chupa na hakimfundishi mtoto kunyonya kwa namna isiyolingana na titi. Mama asiyepata maziwa ya kutosha aulize hospitalini kuhusu maziwa ya wachangiaji yaliyopimwa na kupashwa joto la kuua vijidudu, kama yale ya benki ya maziwa iliyofunguliwa mwaka 2019 katika hospitali ya Pumwani jijini Nairobi. Maji, uji mwepesi na dawa za kienyeji za tumbo zisipewe nafasi kabla ya miezi sita, kwa kuwa hujaza tumbo dogo bila kulilisha na huingiza vijidudu.

Kitu kimoja ambacho maziwa ya mama hayatoshelezi kwa mtoto aliyezaliwa mdogo ni madini ya chuma, ambayo mtoto huyaweka akiba tumboni katika wiki za mwisho, akiba ambayo huyu hakuijaza. Utafiti wa Uswidi uliohusu watoto waliozaliwa na gramu 2,000 hadi 2,500, ambao wengi wangehesabiwa kuwa wazima tu, ulionyesha kwamba waliopewa matone ya chuma kuanzia wiki ya 6 hadi mwezi wa 6 walikuwa na upungufu wa damu mdogo zaidi na, walipofika umri wa miaka mitatu na nusu, matatizo machache zaidi ya tabia. Matone hayo, pamoja na yale ya vitamini D, hutolewa kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito, na mzazi ayaulizie kliniki bila kusubiri kuambiwa.

Dalili zinazohitaji safari ya haraka kwenda hospitalini, hata usiku wa manane, ni kuacha kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kuingia ndani wakati wa kupumua, joto kufika nyuzi 37.5 au zaidi au kushuka chini ya 35.5, kulegea kiasi cha kutojongea mpaka aguswe, na manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza au yanayofika viganjani na nyayoni. Kitovu kiachwe kikavu bila majivu, mavi ya ng'ombe wala mate, na chanjo zifuate umri wa mtoto tangu kuzaliwa, kwa kuwa udogo peke yake si sababu ya kuziahirisha kwa mtoto aliyekomaa mwenye afya nzuri.

Katika siku za kwanza mtoto anaweza kupoteza hadi asilimia 10 ya uzito wake, ambao anatarajiwa kuurudisha ndani ya wiki mbili, kisha kuongeza gramu 20 hadi 30 hivi kwa siku. Apimwe kila wiki mpaka ongezeko hilo litulie, na urefu upimwe pamoja na uzito, jambo ambalo vituo vingi hulipuuza kwa sababu mizani iko karibu ilhali ubao wa kupimia urefu uko stoo. Umri wa mtoto aliyekomaa huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, tofauti na njiti ambaye wiki alizozikosa tumboni hutolewa kwanza. Anayemtolea wiki mtoto aliyetimiza miezi yake hujifariji bure na huchelewa kuona tatizo. Watoto karibu 9 kati ya 10 hufidia urefu wao kabla ya kutimiza miaka miwili, wengi wao ndani ya nusu mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo penye swali gumu kuliko yote katika malezi ya mtoto huyu: akimbizwe kiasi gani katika kukua? Huko Pelotas nchini Brazili, watoto waliozaliwa wadogo na kukua haraka hadi mwezi wa 20 walilazwa hospitalini mara chache kuliko wenzao waliobaki nyuma, ambalo ni jambo zito mahali penye kuhara na nimonia. Kwa upande wa pili, katika jimbo la Hertfordshire nchini Uingereza, ambako tangu mwaka 1911 wahudumu wa afya waliandika uzito wa watoto wakizaliwa na wakitimiza mwaka mmoja, daktari David Barker na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba wanaume waliokuwa na uzito mdogo zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo, na tafiti zilizofuata ziliuhusisha udogo wa kuzaliwa na kisukari cha ukubwani, hasa kwa waliozaliwa wembamba kisha wakanenepa. Mwili uliojifunza tumboni kuishi kwa kidogo haukuandaliwa kupokea kingi. Kwa hiyo lengo sahihi ni kufidia urefu na mzingo wa kichwa katika miaka miwili ya mwanzo kwa maziwa ya mama na, baada ya miezi sita, vyakula vyenye mayai, samaki, dagaa, maharage, mboga na matunda, si kumfanya awe kibonge kwa uji uliojaa sukari na biskuti ili majirani waache maneno. Mzazi aridhike pindi mstari wa mtoto kwenye kadi unapopanda sambamba na mistari iliyochapwa, hata kama uko chini ya katikati.

Mtoto ambaye kufikia miaka miwili bado ni mfupi sana apelekwe kwa daktari bingwa, kwanza ili kuchunguza maradhi ya figo, tezi ya shingo au utumbo ambayo pengine yamejificha nyuma ya udogo wa kuzaliwa. Homoni ya ukuaji imeidhinishwa kwa watoto wa aina hii nchini Marekani tangu mwaka 2001 na Ulaya tangu mwaka 2003, lakini ni sindano ya kila siku kwa miaka mingi na gharama yake huzishinda familia nyingi.

Kuhusu akili na maendeleo, watoto wengi waliozaliwa wadogo wakiwa wamekomaa hufanya vyema shuleni, ingawa kwa wastani wako nyuma kidogo katika lugha, umakini na hesabu. Pengo hilo hupunguzwa kwa njia isiyohitaji fedha nyingi. Mjini Kingston, Jamaika, kundi la watafiti wakiwemo Susan Walker na Sally Grantham-McGregor liliwachukua watoto waliotimiza miezi lakini wakazaliwa na chini ya gramu 2,500, kisha likawapelekea wahudumu wa afya ya jamii kila wiki katika wiki nane za mwanzo, na tena kuanzia mwezi wa 7 hadi wa 24, wakiwafundisha mama zao kuzungumza na mtoto, kumjibu na kucheza naye kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Watoto hao walipofika miaka sita walikuwa na kumbukumbu bora na matatizo machache ya tabia kuliko wenzao wasiotembelewa. Mzazi wa pwani au wa bara ana kila kitu kinachohitajika: uso wake unaotazamana na wa mtoto anaponyonyesha, nyimbo za kubembeleza, chupa tupu yenye punje za mahindi iliyofungwa barabara, vifuniko vya rangi, sufuria na mwiko, na desturi ya kumtajia mtoto jina la kila anachokishika. Watoto wenye afya hukaa bila kuegemea kati ya miezi 4 na 9 hivi, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Anayevuka mipaka hiyo, asiyeshtuka kwa sauti, asiyetabasamu akifika miezi mitatu au ambaye mzingo wa kichwa chake umesimama, achunguzwe bila kungoja akue.

Akiingia shule, mwalimu aelezwe historia yake ili kutotulia kwake kusitafsiriwe kuwa utukutu, na akiwa mtu mzima aijue mwenyewe, apimwe shinikizo la damu na sukari mapema kuliko wenzake na ajiepushe na tumbaku. Binti aliyezaliwa mdogo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto mdogo, kwa hiyo taarifa hiyo ni mali yake pia.

Mama anayetaka mtoto mwingine anashauriwa kupisha angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba tena, kutibu upungufu wa damu na kuanza kliniki mara anapojitambua. Jijini Dar es Salaam, utafiti uliohusu wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na VVU, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba waliopewa vitamini za kundi B, C na E, juu ya chuma na foliki ambavyo wote walipewa, walizaa watoto wadogo kwa umri wa mimba asilimia 10.7 ikilinganishwa na 13.6 kwa wenzao. Aliyewahi kupata shinikizo la damu la ujauzito aulize kuhusu aspirini ya kipimo kidogo, ambayo huanzishwa na daktari kabla ya wiki ya 20. Na katika hudhurio la kwanza aichukue kadi ya mtoto aliyetangulia, kwa sababu wiki na gramu zilizoandikwa humo ndizo zitakazomfanya mkunga amwandikie altrasaundi za ziada katika miezi mitatu ya mwisho na kupanga mapema hospitali ya kujifungulia.